UZI: Msichana anadondokea wapi kabla ya kumaliza shule, na hapo pafanyiwe nini?

Kalamu_ya_Busia (mwanzisha uzi)

Salaam wana jukwaa, wa Uganda na majirani.

Kwenye mikutano ya wazazi maneno "tumsomeshe mtoto wa kike" yamezoeleka. Mgeni rasmi anayasema, watu wanapiga makofi, na muhula wa tatu unakuta wasichana wa P6 (darasa la sita la msingi) wamepungua. Sidhani kama wazazi wetu hawajui faida. Wanaijua. Kinachokosekana ni kujua msichana anadondokea wapi hasa, na hapo panahitaji nini: lita ngapi, kilo ngapi, shilingi ngapi, fomu gani.

Kuingia shule siyo mlima tena. Mpango wa UPE, wa elimu ya msingi kwa wote, ulipoanza mwaka 1997, wanafunzi wa msingi walitoka kama milioni 3.1 mwaka uliotangulia wakafika milioni 5.3, na leo ukiingia darasa la P1 wasichana wanalingana na wavulana. Ugumu unakuja baadaye. Mahali pa kwanza ni P5 hadi P7, mwili unapoanza kubadilika. Pa pili ni zile wiki chache kati ya matokeo ya PLE (mtihani wa mwisho wa msingi) na kuripoti S1 (kidato cha kwanza). Pa tatu ni mimba. Utafiti wa UBOS (ofisi ya takwimu ya taifa) wa 2016 ulikuta msichana 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 ameshazaa au ni mjamzito; ule wa 2022 ukakuta asilimia 24. Miaka sita, na hatujasogea.

Kwa anayetaka hoja moja ya kumpa baba mgumu: watafiti waliopima nchi 175 kuanzia 1970 hadi 2009 walikadiria kwamba katika upungufu wa vifo milioni 8.2 vya watoto wa chini ya miaka mitano, milioni 4.2 ulitokana na wanawake kusoma zaidi. Ukiingia ndani ya nyumba unaona kwa nini. Mama aliyesoma anaelewa kibandiko cha dawa. Anajua mtoto anayeharisha aongezewe maji na ORS (chumvi na sukari za kuyeyusha kwenye maji), asinyimwe. Anakwenda kituo cha afya siku ya kwanza ya homa, hangoji ya nne. Na anaacha nafasi kati ya mtoto na mtoto.

Naomba tuujaze uzi huu kwa vitu vinavyopimika. Naanza na choo, kwa sababu ndipo utoro wa siku nne nne kila hedhi unapoanzia.

Kalamu_ya_Busia

Kiwango cha wizara ya elimu ni wanafunzi 40 kwa tundu moja la choo. Kamati nyingi huhesabu matundu yote ya shule, zikagawa kwa wanafunzi wote, zikaridhika. Hesabu wasichana peke yao. Kisha ondoa kila tundu lisilo na mlango au lisilo na komeo la ndani, maana msichana mkubwa hatalitumia hata likiwa safi. Shule iliyojidhania ina matundu 8 ya wasichana inaweza kubaki na 3.

Chumba cha kubadilishia kiwe ndani ya jengo hilohilo la choo cha wasichana, ili anayeingia aonekane anakwenda chooni tu. Kikijengwa peke yake kando ya uwanja, kila mtu anajua anayeingia ana jambo gani, na baada ya mwezi kitageuka stoo ya majembe. Mita 1.5 kwa 1.5 zinatosha. Ndani kuwe na komeo, maji, sabuni, ndoano ya kutundikia sketi, ndoo yenye kifuniko, na sakafu ya saruji yenye mteremko kuelekea tundu la kutolea maji.

Maji ndiyo yanayoshinda shule nyingi, kwa hiyo tuyahesabu. Chukua shule yenye wasichana 100 waliokwisha kuvunja ungo. Hedhi huchukua kama siku 5 katika 28, maana yake siku yoyote ya masomo wasichana kama 18 wako kwenye hedhi. Kila mmoja akibadilisha mara 2 akiwa shuleni na kutumia lita 5 kila mara, ni lita 180 kwa siku. Tangi la lita 10,000 likiachwa kwa kazi hiyo peke yake linafika siku 55 za masomo, karibu muhula mzima. Paa la bati la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 10 hutoa kama lita 800 baada ya kuondoa yanayomwagika. Kwa hiyo mvua 13 za namna hiyo zinalijaza tangi.

Yanayoharibika: mfereji wa paa unaning'inia kwa sababu ulishikizwa kwa waya badala ya vishikizo vya chuma, bomba la chini linavunjwa na watoto wakati wa mapumziko, kwa hiyo lizungushiwe kisanduku cha saruji chenye kifuniko, na jiko la shule linachota maji yote kwa ajili ya uji. Hilo la mwisho linatibiwa kwa maandishi ya kamati. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Pedi za dukani zisitupwe shimoni. Zina plastiki, haziozi, shimo linajaa kabla ya wakati wake na gari la kunyonya linaziba. Zichomwe kwenye tanuri dogo la matofali lenye bomba refu la moshi, mahali ambapo upepo hauelekei madarasani. Tanuri likijazwa kupita kiasi au pedi zikiwa mbichi, zinaungua nusu, mbwa wanazitoa usiku, na asubuhi aibu iko uwanjani. Chomeni kidogo kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuni kavu.

Mzee_Aringa

Kalamu, umesema vizuri lakini umesahau ufunguo. Chumba kinajengwa, kinazinduliwa, halafu ufunguo unakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamume. Msichana wa miaka 13 hataingia ofisini kuuomba. Atarudi nyumbani.

Ufunguo ukae kwa mwalimu mlezi wa wasichana, na wa pili kwa viongozi wawili wa wanafunzi wa kike, mmoja wa P6 na mmoja wa P7, ili mmoja akikosekana kazi isisimame. Na huyo mwalimu mlezi apewe vipindi viwili kwa wiki kwenye ratiba. Shule nyingi zinamtaja kwa jina tu, huku ana mzigo kamili wa kufundisha kama wengine.

FundiCherehani_Lira

Kwa upande wa pedi za kufua, nawapa vipimo, kwa sababu naona semina nyingi zinafundisha kushona kitu kinachovuja, na msichana akivujiwa mara moja darasani hataiamini tena.

Kila pedi ina sehemu tatu. Juu, inayogusa mwili, ni pamba laini au flana. Katikati ni taulo, tabaka 2 kwa siku nyepesi na 3 kwa siku nzito. Chini ni kitambaa kisichopitisha maji; kilicho bora ni PUL, ambacho kina utando mwembamba upande mmoja na bado kinaruhusu hewa kidogo. Nailoni ya mwavuli inazuia maji lakini inaleta joto na vipele, kwa hiyo ni ya dharura tu.

Fua flana na taulo kabla ya kukata. Pamba mpya husinyaa, na ukishona bila kufua, baada ya mfuo wa pili pedi inajikunja kama jani kavu. Kata patani ya karatasi ngumu: urefu sm 27, upana wa katikati sm 9, na mabawa mawili yanayofikisha upana wote sm 22. Ukipoteza sm 1 kila upande kwenye pindo, inabaki pedi ya sm 25 kwa 7. Mita 1 ya flana yenye upana wa sm 150 inatoa vipande 18 vya juu.

Mpangilio: shonea kwanza tabaka za taulo kwenye flana, katikati, mishono miwili ya urefu. Hapo PUL bado haijagusa sindano. Kisha laza PUL juu, nyuso nzuri zikitazamana, shona ukingoni mzunguko mzima ukiacha sm 5 wazi, geuza, funga. Usipitishe sindano katikati ya PUL kwa sababu yoyote. Kila tundu ni njia ya kuvuja, na hapo ndipo makosa mengi yanapotokea: fundi anataka kupamba, anapiga mishono juu. Mabawa yafungwe kwa vifungo vya kubonyeza. Kifungo cha kawaida pia kinafaa ila kitundu chake kizungushiwe uzi vizuri.

Msichana mmoja apate 5, na 6 kama anakaa bwenini au ni msimu wa mvua, maana kukauka kunaweza kuchukua zaidi ya siku.

Asiyeshona anunue. AFRIpads zinatengenezwa hapahapa Uganda na ni za kufua. MakaPads, alizobuni Dkt. Moses Musaazi wa Makerere, ni za kutupa, zimetengenezwa kwa mafunjo na karatasi.

Nesi_Kiryandongo

Naongeza kuhusu kufua. Maji ya baridi kwanza, daima. Maji ya moto yanaigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Loweka, kamua, fua kwa sabuni ya kipande, suuza mpaka maji yawe meupe, anika juani.

Neno lenyewe ni hapo kwenye kuanika. Wasichana wanazificha chini ya godoro au nyuma ya kabati, zinabaki na unyevu, zinaota ukungu, kisha wanakuja kituoni na mwasho na vipele. Kama anaona haya, aanike juani na kufunika kwa khanga nyepesi. Jua linapita. Kwenye mabweni, kamba iwekwe ua wa ndani, ambako wavulana na wafanyakazi wa kiume hawapiti.

Pedi, ya kufua au ya dukani, ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Na maumivu yasidharauliwe. Wasichana wengi wanakosa shule kwa tumbo kuliko kwa pedi. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia, na mwalimu mlezi awe na dawa ya maumivu waliyokubaliana na kituo cha afya. Damu ikizidi siku 7, au akilazimika kubadilisha kila saa, aje kupimwa.

Na wavulana wafundishwe pia, darasa moja na wasichana wakiwemo. Mvulana anayejua hedhi ni nini hachekelei doa.

Kijana_Malaba

Nauliza kwa heshima, na siulizi kwa ubishi, kwa sababu ndilo swali linaloulizwa vibarazani. Baba ana watoto wawili wa P7, kaka na dada, na karo ya mmoja tu. Wazee wanasema mvulana atabaki kwenye boma, msichana ataolewa na elimu yake italiwa na wakwe. Mnawajibu nini?

Mwalimu_Bombo

Swali zuri, kijana, na lijibiwe bila kumdharau mzee anayeliuliza.

Kwanza, mzee anahesabu mahari kama malipo ya mwisho. Ng'ombe wanafika mara moja na kugawanywa kwa wajomba na ndugu. Mshahara wa muuguzi au mwalimu unafika kila mwezi, na katika nyumba nyingi za Uganda anayetuma pesa za dawa ya mzee ni binti. Wanauchumi wanaopima faida ya elimu wanakuta kila mwaka wa masomo unaongeza kipato kwa karibu asilimia 9, na kwa wanawake nyongeza inazidi ya wanaume kidogo.

Pili, mara nyingi swali la "mmoja tu" linatokea kwa sababu hesabu ilianza Januari. Ikianza Machi ya mwaka uliotangulia, wawili wanaweza kwenda. Dada_Akiba ataeleza hilo.

Tatu, angalia mgawanyo wa kazi nyumbani kabla ya kusema msichana ni mzito darasani. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Msichana anayeteka nne kabla ya shule kisimani kilomita moja anatembea kilomita 8 kabla ya kengele. Kaka yake ameketi na daftari. Kamati ikiwaomba wazazi wa P7 kugawa kazi hiyo, au kuihamishia jioni kwa wote wawili, wachelewaji wanapungua bila shilingi kutumika.

Kwa ndugu Waislamu, hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu haikumtenga mwanamke, na masheikh waisome wazi siku ya Ijumaa. Wazee wetu walilielewa hilo: shule ya Nabisunsa ilianzishwa 1954 na jumuiya ya elimu ya Waislamu kwa ajili ya wasichana. Gayaza ilitangulia, 1905, kwa wamisionari. Makerere ilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945, na Sarah Ntiro, mwanamke wa Uganda, akahitimu Oxford, Uingereza, 1954. Anayesema elimu ya msichana ni jambo la wageni wa juzi hajahesabu miaka.

Tangu 1990 wasichana wanaongezewa alama 1.5 kuingia vyuo vikuu vya serikali. Ni jambo jema na lilibadilisha sura ya Makerere. Lakini alama hizo zinamfikia aliyemaliza S6. Yule wa P6 aliyeishia kisimani hazimgusi, ndiyo maana nakubaliana na Kalamu kwamba nguvu iwekwe chini.

Dada_Akiba

Nimeitwa, nimekuja.

Kikundi cha akiba kina watu 15 hadi 25. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na mwenye sanduku asiwe na ufunguo. Kila mkutano wa wiki mtu ananunua hisa 1 hadi 5. Tuseme hisa ni shilingi 2,000. Mama anayenunua 3 kwa wiki kuanzia katikati ya Machi, kwa wiki 44, anafika wiki ya tatu ya Januari na shilingi 264,000 zake mwenyewe kabla ya faida ya mikopo.

Tatizo kubwa ninaloliona ni tarehe. Vikundi karibu vyote vinagawana katikati ya Desemba. Pesa inakutana na Krismasi, nguo mpya, nyama, wageni. Muhula wa kwanza unaanza mwanzoni mwa Februari na mkononi hakuna kitu. Mvulana anatafutiwa mkopo, msichana anaambiwa angoje mwaka ujao, na "mwaka ujao" ndiyo inayozaa ndoa. Hamisheni mgao uwe wiki ya tatu ya Januari. Wanaotaka cha sikukuu watenge mfuko mdogo wa pembeni, wa hiari.

Jambo la pili: orodha ya mahitaji ya S1. Msingoje barua ya shule. Godoro, sanduku, sare, viatu, madaftari, ndoo, pedi za muhula. Vinunuliwe kimoja kimoja kuanzia Septemba, wakati P7 bado wanajiandaa kwa mtihani. Godoro likishakuwa ndani ya nyumba, baba anaona aibu kusema safari imevunjika.

Kalamu_ya_Busia

Ahsante dada. Hapohapo niongeze chakula, maana msichana mwenye njaa ndiye anayenunuliwa chapati na mtu wa boda, na wote tunajua inakoishia.

Muhula una kama siku 65 za masomo. Uji wa gramu 60 za unga kwa siku ni kilo 4 kwa muhula kwa mtoto. Mkitaka posho (ugali) ya mchana, gramu 150 ni karibu kilo 10 za unga, na maharage gramu 40 ni kilo 2.6. Mahindi yakisagwa unga mweupe yanapoteza kama robo, kwa hiyo mzazi alete kilo 13 za punje. Walete wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, yakiwa makavu. Punje ikivunjika kwa meno na kutoa mlio, ni kavu. Yakipokewa mabichi yanaota ukungu stoo, na ukungu wa mahindi ni sumu, hata ukiupika.

Nesi_Kiryandongo

Nimengoja tufike kwenye mimba. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Shule zetu zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Wasichana wengi walirudi na matumbo au watoto mgongoni, na wengi zaidi hawakurudi. Wazazi wengi hadi leo wanaamini mimba ni kufukuzwa. Siyo. Mwongozo wa wizara wa 2020 unasema msichana aende likizo mimba ikifika miezi 3, na apokewe tena mtoto akifika miezi 6. Aliyesajiliwa kwa PLE au UCE (mtihani wa kidato cha nne) anaruhusiwa kufanya mtihani hata akiwa mjamzito.

Mzazi afanye hivi. Aandike barua mbili zinazofanana kwa mwalimu mkuu, zitaje darasa, tarehe ya kuanza likizo na tarehe ya kurudi, zote zigongwe muhuri, moja abaki nayo. Bila karatasi hiyo, mwaka ujao kutakuwa na mwalimu mkuu mpya asiyejua lolote. Madaftari yasiuzwe. Rafiki mmoja wa darasa akubali kumpitishia masomo kila Jumamosi. Shule ikikataa kumpokea, barua yenye muhuri inapelekwa kwa afisa elimu wa wilaya.

Kliniki: aanze mara tu mimba inapojulikana, na mapendekezo ya sasa ya Shirika la Afya Duniani ni kuonana na mhudumu mara 8. Msichana wa chini ya miaka 18 asizalie nyumbani hata kama mama yake mwenyewe ni mkunga. Nyonga bado haijakomaa, uchungu unaweza kukwama kwa siku mbili, na hapo ndipo fistula inapotokea: njia ya mkojo inatoboka, mkojo unavuja wakati wote. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au uso ukivimba, apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kifafa cha mimba kinawashika zaidi wasichana wadogo.

Kurudi kwenyewe kunavunjika kwa mambo mawili. Mtoto anabaki na nani, na dhihaka. La kwanza lipangwe kabla ya kuzaa: bibi, shangazi, au jirani anayelipwa kidogo, kwa jina. Miezi 6 mtoto ameanza uji, kwa hiyo mama anaweza kunyonyesha alfajiri, mchana akiwa karibu, na jioni. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa saa 4 mahali penye ubaridi. Shule ya kutwa iliyo karibu ni bora kuliko bweni zuri lililo mbali. La pili, dhihaka, mwalimu mlezi aongee na darasa siku moja kabla hajarudi. Na kama ana haya na shule ya zamani, ahamishwe. Darasa likiwa lilelile hakuna kilichopotea.

Mzee_Aringa

Nesi, wazee tuna lawama hapo na niiseme. Mimba ikitokea, familia mbili zinakaa chini ya mwembe, mbuzi wawili na shilingi kadhaa, mambo yanakwisha. Sheria haitambui kikao hicho. Katiba ya 1995 imeweka umri wa ndoa miaka 18, na kulala na msichana chini ya umri huo ni jinai hata kama anasema alikubali. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anayesimamia makubaliano hayo anafunika kosa.

Akiwa amelazimishwa, saa zinahesabiwa. Asioge. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana wa plastiki unatoa jasho na ushahidi unaoza. Aende kituo cha afya kabla ya saa 72 apewe PEP ya kuzuia virusi vya UKIMWI, dawa ya siku 28, asikatize. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura hufanya kazi hadi saa 120, na mapema ni bora. Fomu ya Polisi 3A ijazwe na mhudumu wa afya. Haiuzwi, anayedai pesa anadai rushwa. Namba 116, Sauti, ni ya bure.

Kalamu_ya_Busia

Limebaki la umbali, na nitalisema kwa ufupi. Sekondari za kutwa ziko chache, kwa hiyo wasichana wa S1 wanapanga chumba senta (mji mdogo wa biashara), wawili watatu, bila mtu mzima. Kodi ikikosekana, kuna mwanamume anayejitolea kulipa. Wazazi wa kijiji kimoja wakipanga nyumba moja na kumweka mama mmoja mzima alale humo kwa zamu za wiki, gharama kwa kila mtoto ni ndogo kuliko bweni. Mahali barabara inaruhusu, baiskeli. Jimbo la Bihar huko India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari pesa za baiskeli, na uandikishaji wao ukapanda kwa karibu theluthi. Walipanda kwa makundi, na hilo ndilo lililowalinda barabarani. Nunueni ile ya chuma yenye kiti cha mizigo, vipuri vyake viko kila senta, na msichana afundishwe kuziba pancha kabla ya kuipeleka shule.

Kijana_Malaba

Nimeelewa, nashukuru. Swali la mwisho kwa Dada_Akiba: kikundi chetu kimeshaanza, katiba yake inasema mgao ni tarehe 15 Desemba. Tufanyeje bila kuvunja kikundi?

Dada_Akiba

Msibadilishe katiba katikati ya mzunguko, mtagombana. Leteni hoja mwezi wa Agosti, kabla watu hawajaanza kupanga matumizi. Kura iwe ya siri, kwa punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Mkikubaliana theluthi mbili, mikopo yote irudi kufikia 15 Desemba kama ilivyoandikwa, pesa ihesabiwe mbele ya wote, kila mtu aandikiwe chake kwenye kitabu. Kisha sanduku lifungwe kufuli tatu hadi wiki ya tatu ya Januari, bila mikopo katikati. Pesa ikiwa nyingi ikae benki au SACCO kwa wiki hizo tano, kwa sahihi tatu, maana sanduku lililojaa wakati wa sikukuu linaita wezi. Wasiotaka wapewe chao Desemba bila kunung'unikiwa. Anzeni na wenye watoto wa P7, hata wakiwa saba tu.